Usimfundishe Msichana Kupumua Kabla Hujampakulia

Ndugu zangu wa Lobule, wa Rhino Camp, wa Imvepi, na ninyi wenzetu mnaotoka Arua asubuhi na magari meupe na kurudi kabla jua halijazama: leo nataka tugombane kidogo. Tugombane kwa heshima, lakini tugombane.

Mimi ni mkalimani. Nimetoka upande wa Aru, Congo, na tangu nifike Koboko kazi yangu ni kuchukua Kiingereza cha mashirika na kukigeuza Kiswahili na Lingala. Nalipwa kwa siku, na soda juu. Wiki moja ya mwisho wa Mei, karibu na ile tarehe 28 ambayo tangu 2014 dunia inaadhimisha hedhi salama, niliitwa kutafsiri mafunzo ya wasichana. Kichwa cha mafunzo kilikuwa kizuri: lishe na kupunguza msongo wa mawazo kwa afya ya hedhi. Tulikaa chini ya mwembe. Wasichana walikuwa kama arobaini, wa miaka kumi na miwili mpaka kumi na minane.

Mwezeshaji, dada mpole sana, alitundika picha ya sahani. Juu ya sahani kuna samaki, yai, maini, chungwa, maziwa na mboga. Akasema, nami nikatafsiri: msichana aliye kwenye siku zake ale mlo kamili mara tatu. Anywe maji mengi. Alale saa nane. Aepuke msongo wa mawazo. Tumbo likimuuma, avute pumzi taratibu kwa pua, aitoe kwa mdomo. Tukavuta pumzi wote, mimi pia.

Halafu msichana mmoja nyuma, kama wa miaka kumi na minne, akanyoosha mkono. Akaniuliza: "Mama, hiyo sahani ni ya nani?"

Wenzake wakacheka. Mwezeshaji akaniangalia nimtafsirie. Na mimi, aibu yangu hii hapa, nikamwambia kwa Kiingereza: "Anauliza kama kuna vyakula vingine vinavyofaa." Sikutafsiri swali lake. Niliogopa kuonekana mkorofi, nikakosa kazi ya kesho. Mwezeshaji akafurahi, akataja maharage. Mafunzo yakaisha, tukapiga picha, wasichana wakarudi nyumbani kusubiri chakula cha jioni, ambacho kwa wengi ndicho chakula cha siku.

Makala hii ni tafsiri ya swali lile. Nimechelewa, lakini naitoa.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haigombani na mtu. Mgao kamili wa chakula cha mkimbizi hupangwa kwa kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Hapa Uganda, Aprili 2020 mgao ulishuka mpaka asilimia 70. Februari 2021 ukawa 60. Julai 2023 tukagawanywa makundi matatu: wanaohesabiwa dhaifu kabisa wakabaki na 60, wa kati wakapata 30, na waliohesabiwa kwamba wanajiweza wakaondolewa. Mei 2025 Shirika la Chakula Duniani likatangaza kwamba fedha zimekwisha na watu kama milioni moja nchini humu wamesimamishiwa msaada. Asilimia 30 ya 2,100 ni kalori 630. Msichana anayekua, anayechota maji, anayetembea kwenda shule na kupalilia shamba la watu Jumamosi, 630 itamfikisha wapi? Mtafsirieni "mlo kamili mara tatu" kwa lugha yoyote mnayotaka, haitatafsirika.

Sasa niwaambie habari ya nyumbani kwangu, maana sitaki mtu aseme naongea ya wengine.

Binti wa dada yangu anaishi nami. Ana miaka kumi na mitano. Nyumba yetu ilipotolewa kwenye orodha ya chakula, tukaanza kula mara moja, jioni. Baada ya muda mwezi wake ukapotea. Mwezi wa kwanza hakusema. Wa pili hakusema. Wa nne shuleni wakagundua kwamba haji kuomba pedi kama wenzake. Shule siitaji. Akaitwa ofisini pamoja na wasichana wengine wawili, wakapewa vikombe, wakaambiwa waende chooni wakojoe, walete. Wakasimama kwenye mstari, vikombe mkononi, wavulana wakiona. Kipimo kikasema hana mimba. Hakuna aliyemwambia pole. Kwa wiki mbili hakurudi darasani.

Lakini ya shule naweza kuisema kwa sauti kubwa kwa sababu si yangu. Yangu ni hii: usiku ule, kabla ya majibu, mimi mama yake mdogo nilimkalisha kando ya moto nikamuuliza, "Ni nani?" Neno langu la kwanza lilikuwa hilo. Nilikuwa nampakulia kila jioni, najua sahani yake ilivyo, na bado nilimtafuta mwanaume.

Muuguzi ndiye aliyeuliza vizuri. Alimpima uzito, akamvuta ngozi ya chini ya jicho, ndani nyeupe kama karatasi, akasema: "Jana umekula nini? Na juzi?" Halafu akanieleza jambo ambalo kila mzazi wa kambi hii anapaswa kulijua.

Hedhi inaanza kichwani. Kuna sehemu ndogo ndani ya ubongo inayotuma ujumbe kwa mayai ya mwanamke, kila mwezi, kwamba kazi iendelee. Sehemu ile inasikiliza mwili: chakula kipo? Kuna usalama? Chakula kikiwa kidogo sana kwa kazi nyingi, au hofu ikiwa haiishi, ujumbe unapungua, yai halikomai, mwezi hauji. Mwili unabana matumizi, kama mama anavyobana unga. Si laana, wala si mchawi wa jirani. Na kama hofu na njaa vimekaa pamoja, ndiyo mbaya zaidi, na hapa kwetu vinalala kitanda kimoja.

Wala si sisi wa kwanza. Uholanzi, nchi inayoleta misaada huku, ilipigwa na njaa majira ya baridi ya 1944 na 1945 chini ya jeshi la Wajerumani, na wanawake wengi sana walipoteza hedhi mpaka chakula kiliporudi. Na hapa hapa Koboko, jirani yangu, bibi wa Kikakwa, nilipomweleza ya binti yangu alicheka kidogo. Mnajua kwamba Amin alipoangushwa 1979 watu wa West Nile walikimbilia kwetu Zaire na Sudan. Yeye alikuwa msichana kule upande wa Aru. Akaniambia: "Mwaka ule mwezi uliniacha mpaka tulipovuna mihogo yetu wenyewe. Mama yangu hakuuliza chochote. Alijua, kwa sababu na yeye ulimwacha." Fikirini: wenyeji wetu walikula njaa kwetu, sisi tunaila kwao, na wasichana wa pande zote mbili mwili umewafanyia kitu kile kile.

Naomba tusielewane vibaya. Msichana aliyevunja ungo juzi, miaka miwili ya kwanza mwezi wake unaweza kuyumba, hilo ni kawaida. Na mwezi ukipotea, mimba ni jambo la kuulizwa, kwa siri, kwa ridhaa yake, na mtu wa afya. Ukipita miezi mitatu, mpeleke kituoni. Ninachokataa ni mstari wa vikombe, na lile swali langu la kando ya moto.

Kuna na wale ambao mwezi hauwaachi. Unakuja, unakuja na nguvu, na damu inayotoka hairudishwi. Hawa ndio wanaosinzia darasani, wanaosikia kizunguzungu kwenye foleni ya bomba, wanaonunua udongo sokoni na kuutafuna, ule tunaouita mabele. Tunawacheka kwamba wana tamaa kama wajawazito. Kutamani udongo mara nyingi ni dalili kwamba mwili umepungukiwa madini ya chuma. Na udongo wenyewe unazidisha shida, maana unazuia chuma kingine kisiingie, na unaweza kuleta minyoo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2016 ulikuta wanawake 32 katika kila 100 wa Uganda, wa miaka 15 mpaka 49, wana upungufu wa damu. Ongezeni malaria ya West Nile, ambayo nayo inakula damu.

Hapa sasa nageukia sisi wenyewe. Wafanyakazi wa mashirika, pumzikeni kidogo, hii ni ya wazazi.

Tunapopakua chakula, nani anapakuliwa kwanza? Baba. Halafu wavulana, eti wanaume wanahitaji nguvu. Halafu wadogo wanaolia. Msichana aliyepika, aliyechota maji, aliyetwanga, anakula mwisho, mara nyingi ukoko na mchuzi usio na kitu. Siku kuku akichinjwa firigisi ni ya baba, mpaka ngozi ina mwenyewe. Basi sikieni: kwa vipimo vya wataalamu wa lishe wa Marekani, mwanaume mzima anahitaji miligramu 8 za madini ya chuma kwa siku. Msichana wa miaka 14 mpaka 18 anahitaji 15. Karibu mara mbili ya baba yake! Yeye ndiye anayetoka damu, na sisi tunampa mfupa. Hilo halikuamuliwa Roma wala Kampala. Limeamuliwa kwenye sufuria yangu na yako.

Na mgao ukiwa mdogo, upangaji wa sufuria ni jambo la kufa na kupona. Nyumbani kwangu tumebadilisha. Binti anapakuliwa pamoja na baba, sawasawa. Dagaa, ile mukene, tukipata kopo moja kwa wiki tunaisaga, tunaitia kwenye mboga ili isichaguliwe na mwenye mkono mrefu. Dodo inaota yenyewe nyuma ya nyumba, na majani ya kunde, ambayo Walugbara wanayaita osubi, tunayapika na simsim au karanga ya kusaga. Sombe ipo. Chuma cha majani na maharage ni kigumu kuingia mwilini, lakini ukila pamoja na kitu chenye uchachu wa tunda, embe, ndimu, chungwa, nyanya mbichi, kinaingia zaidi. West Nile msimu wa maembe yanaoza chini ya miti na watoto wetu wana upungufu wa damu! Chai nayo inazuia, basi chai isinywewe na chakula, ingoje saa moja au mbili. Maharage yalowekwe usiku, maji yamwagwe. Hayo tunaweza, na hayahitaji kibali cha mtu.

Lakini asije mtu akachukua aya hiyo, akaiandika kwenye ripoti kwamba "jamii ina suluhisho zake". Majani ya dodo hayajazi kalori 1,500 zilizopotea. Waliofika huku baada ya 2016 wengi walipimiwa ploti ya mita 30 kwa 30, nyumba ndani yake, choo ndani yake, bustani ndani yake. Utalima mlo kamili wapi?

Sasa tuje kwenye msongo wa mawazo, maana hapa ndipo nimekasirika zaidi.

Wasichana wetu hawasemi "msongo". Wanasema "niko na mawazo". Niliwahi kukaa na wanne baada ya mafunzo, bila daftari, nikawauliza mawazo gani. Mmoja alisema choo cha shule hakina mlango, siku zake anakaa bila kunywa maji asije akaenda. Mmoja alisema kuni, njia ya kuni, na wanaume wanaokaa njiani. Wa tatu alisema kuna mtu senta anamwambia atamnunulia pedi kila mwezi, na hakumalizia. Wa nne, mjomba wake ameanza kuhesabu mbuzi. Hakuna hata mmoja aliyetaja kitu ambacho kinaisha kwa kuvuta pumzi.

Je, kuvuta pumzi ni upuuzi? Hapana, na sitasema uongo kwa sababu nina hasira. Pale Rhino Camp kulifanyika utafiti mkubwa wa mafunzo ya kujisaidia yaliyotengenezwa na Shirika la Afya Duniani: vijiji 14, wanawake karibu 700 wa Sudan Kusini, vikao vitano vya kusikiliza sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha. Matokeo yalichapishwa 2020, na miezi mitatu baada ya mafunzo wale wanawake walikuwa na dhiki ndogo ya moyo kuliko wenzao ambao hawakuyapata. Ni kitu cha kweli, kilifanyika hapa kwetu, na nakiheshimu. Lakini angalieni: vikao vitano vilivyopangwa, kwa watu wazima, na lugha yao ilifikiriwa kabla. Wasichana wetu walipata saa mbili chini ya mwembe, na mkalimani mwoga. Na hata ile kozi nzuri inamfundisha mtu kubeba mzigo. Haiweki mlango kwenye choo.

Mnaniambia bajeti ya kinga ni nyingine, ya vyoo ni nyingine, ya lishe ni ya shirika lingine. Najua, nimetafsiri mikutano yenu. Lakini msichana ana tumbo moja. Hawezi kuumwa kwa idara.

Pedi zenyewe angalau zimekuwa siasa. Wote tunakumbuka wasichana wa shule waliahidiwa pedi za bure kwenye kampeni, na Februari 2017 Bunge likaambiwa hakuna pesa, na kelele zikapigwa nchi nzima. Chakula cha msichana hakijafika hata hapo. Kila Mei tunagawa pedi, tunapiga picha. Anapewa pedi ya kupokea damu, hapewi chakula cha kuitengeneza.

Basi naomba nini? Nitasema kwa ufupi, msije mkasema nimelalamika tu.

Kwenu wa mashirika: mafunzo ya lishe yasifanyike bila chakula. Kama kuna pesa ya mabango na fulana, kuna pesa ya maharage, dagaa na mafuta, wasichana wapike, wale, ndipo mfundishe. Vidonge vya kuongeza damu vifike kwa wasichana walio shuleni na wasio shuleni. Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri kidonge cha kila wiki cha chuma na foliki mahali ambapo upungufu wa damu umefika asilimia 20, na sisi tumepita hapo. Dawa ya minyoo ya Aprili na Oktoba iwafikie na hao wakubwa. Dawa ya maumivu iwepo kituoni, maana msichana anayejikunja chini hahitaji kuambiwa awaze mambo mazuri. Mnapohesabu nani "anajiweza", mhesabu na wasichana ndani ya nyumba. Na mlango. Mlango wenye komeo kwa ndani.

Pedi tunaweza kutengeneza wenyewe. Kyaka II wakimbizi walitengeneza MakaPads kwa mafunjo na karatasi, kazi iliyobuniwa na Dakta Moses Musaazi wa Makerere. Kama iliwezekana kule, West Nile mikono ipo.

Kwa walimu: vikombe viishe. Ukiona msichana amepotelewa na mwezi, mwite peke yake, na swali la kwanza liwe la chakula.

Kwetu wazazi, na hasa akina baba mnaosoma hii huku mkikunja uso: geuzeni sahani. Msimhesabie binti mbuzi wakati hana hata damu ya kutosha mwilini mwake mwenyewe. Na mkisikia tumbo la msichana fulani linasemwa kijijini, kabla hamjaongeza neno, pelekeni bakuli.

Binti wangu mwezi wake ulirudi baada ya vidonge, dagaa, na miezi mingi. Alikuja kuniambia jikoni kwa sauti ndogo: "Mama mdogo, umerudi." Nilimpa pole niliyokuwa nimemnyima. Akanyamaza, kisha akaomba sabuni.

Mei ijayo mtaniita tena, najua, maana wakalimani wa Lingala na Kiswahili huku si wengi. Nitakuja. Lakini nawaambia mapema: safari hii nitatafsiri kila swali, kama lilivyoulizwa. Jiandaeni na majibu.